Ua Mmoja, Wenyewe Wanne: Jinsi Kafunda ya Namuwongo Inavyolisha Watu

Ukiagiza nusu kilo ya nguruwe na chupa mbili za bia katika kafunda (baa ndogo ya mtaani) ya Namuwongo, utalipa watu wawili, pengine watatu. Pesa ya bia inakwenda kaunta. Ya nyama anaipokea kijana aliyesimama nyuma ya karai, na muhogo wa kukaanga mara nyingi una mama yake anayeuuza. Mgeni hudhani amefika kwenye hoteli isiyojua kuweka hesabu. Kumbe amekaa katikati ya biashara tatu au nne zinazotumia ua mmoja, viti vilevile na mteja yuleyule, kila moja ikiwa na mtaji wake na faida yake. Mpangilio huo ndio nitakaoufungua hapa, kwa sababu unaeleza kwa nini chakula cha pale ni kitamu na cha bei nafuu, na unaeleza pia kinapotia wasiwasi.

Namuwongo iko Makindye, kusini-mashariki mwa katikati ya Kampala, chini ya kilima cha Muyenga chenye nyumba za wenye nazo. Bondeni kuna njia ya reli, mfereji wa Nakivubo na kinamasi kinachopeleka maji Ziwa Viktoria. Jirani kuna maghala na viwanda vinavyoajiri vibarua kwa siku. Wakazi wengi wa sehemu za chini, kama Soweto na Kasanvu, wanaishi chumba kimoja kimoja. Wamo Waganda, wamo watu wa kaskazini waliokimbia vita vya waasi wa Kony, wamo Wakongo. Mtu anayerudi kazini usiku na kuwasha sigiri kwa ajili ya sufuria moja ndogo anateketeza mkaa ambao ungeivisha chakula cha watu kadhaa. Na mkaa si rahisi tena, hasa tangu agizo la rais la Mei 2023 lililopiga marufuku biashara ya mkaa wa kaskazini mwa nchi. Kwa hesabu hiyo, kununua sahani iliyopikwa kwenye moto wa wengi ni njia ya kubana matumizi.

Tuanze na mchana, maana kafunda nyingi mchana ni kimya na anayetawala ni mama wa chakula. Anaamka kabla ya alfajiri kumenya matoke. Chini ya sufuria anapanga mabua ya majani ya mgomba, anatia maji yasiyofikia ndizi, kisha anaweka ndizi zilizofungwa ndani ya majani tabaka juu ya tabaka. Zikiiva kwa mvuke anaufinya mzigo wote kwa mikono, majani yakiwa bado juu, halafu anaurudisha kwenye moto mdogo. Hapo ndipo ustadi ulipo. Jani linazuia mvuke kutoroka, matoke hayakauki wala hayaungui, na sufuria inakaa saa nyingi ikiwa ghala la chakula cha moto kwa mkaa kidogo sana. Fundi wa ujenzi anayekula saa saba na mpakiaji wa mizigo anayekula saa kumi wanapata kitu kilekile. Hakuna jokofu, hakuna cha kupasha upya.

Bei yake nayo imepangwa kwa akili. Mteja haulizwi anataka chakula gani. Anaulizwa mchuzi gani. Maharage ni bei ya chini, karanga zinafuata, halafu nyama au samaki. Huo mchuzi ndio unaolipiwa. Matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, viazi vitamu na kipande cha boga vinakuja navyo, na anayesema "vyote" anapata vyote. Kwa hiyo kitu cha gharama kinapimwa kwa kijiko au kwa kipande, na kile cha bei ya chini kinapakuliwa kwa ukarimu. Matoke yakipanda bei sokoni, au yakielekea kuisha, mama anapunguza kidogo na kuongeza posho; sahani inabaki imejaa na bei haisogei. Hoteli yenye menyu ya kuchapishwa haiwezi kufanya hivyo bila kugombana na wateja. Kwenye vibanda vya watu wa kaskazini kanuni ni ileile, ila sahani ni nyingine: ugali wa ulezi mweusi, na malakwang, mboga chachu inayolainishwa kwa odii, yaani karanga na ufuta uliosagwa pamoja. Anayepita Namuwongo bila kuonja malakwang ajue ameikosa nusu ya mtaa.

Jioni ua unabadilika mikono. Viti vya plastiki vinatolewa, redio inapandishwa sauti, na kijana wa nyama anawasha moto wake. Nguruwe ana historia fupi Uganda. Katika miaka ya 1980 nguruwe nchini walikuwa laki chache tu. Sensa ya mifugo ya 2008 iliwakuta zaidi ya milioni 3, na ulaji unaotajwa, takriban kilo 3.4 kwa mtu kwa mwaka, unaiweka Uganda mbele ya majirani zake wa Afrika Mashariki. Nyama hiyo imekuwa rafiki wa baa kwa sababu za kiufundi ambazo hazisemwi vya kutosha.

Ya kwanza ni mafuta. Mteja anachagua nyama ikiwa mbichi, inaning'inia mbele yake, inapimwa machoni pake. Inakatwa vipande, inaingia kwenye karai na chumvi na maji kidogo. Maji yanachemka na kuiivisha nyama kwa ndani. Yakikauka, mafuta ya nyama yenyewe yametoka na vipande vinaanza kukaangika humohumo mpaka vinapata rangi. Mpishi hakununua mafuta ya kupikia. Ya ziada anayamimina kando, na mara nyingi ndiyo yanayokaanga muhogo uliokwisha chemshwa. Vitunguu, nyanya na pilipili hoho vinaingia mwishoni, dakika chache tu, vibaki na uhai wake. Ng'ombe au mbuzi wa bei hiyohiyo angehitaji mafuta ya dukani na muda mrefu zaidi ili alainike.

Ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni kusubiri. Kwa kuwa nyama inapikwa baada ya kuagizwa, mteja anakaa nusu saa, pengine saa nzima siku ya Ijumaa. Kwingine huo ungekuwa udhaifu. Hapa ndiyo injini ya biashara nzima, kwa sababu anayesubiri anakunywa. Mwenye baa hapiki na hataki kupika. Anachohitaji ni mtu wa kumweka mteja kitini. Mwenye nyama hana viti, hana paa, hana leseni ya pombe. Anachohitaji ni watu waliokwisha kukaa. Ndiyo maana mwenye baa huwa tayari kumkodisha mpishi kona ya ua kwa pesa ndogo. Na mpishi anaweza kuanza na mtaji wa nguruwe mmoja, au hata nusu, karai, kisu na gunia la mkaa. Hakuna kati yao ambaye angeweza kufungua mgahawa kamili peke yake. Wakiungana bila kuungana, mgahawa upo.

Bia nayo ina umbali mfupi wa kusafiri. Kiwanda cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa 1946, kiko Port Bell, Luzira, upande wa pili wa Bugolobi. Kwa mteja wa kipato cha chini, mabadiliko makubwa yalikuja 2002 pale Nile Breweries ya Jinja ilipoleta Eagle, bia ya mtama uliolimwa nchini, ikatozwa ushuru nafuu na hivyo kuuzwa chini ya bei ya bia za shayiri. Bia ya namna hiyo ndiyo inayomwezesha kibarua kuvuka ile nusu saa ya kusubiri bila kuimaliza pesa ya nyama. Chupa inarudi, kreti linarudi, na mwenye kaunta anayepoteza chupa anapoteza pesa. Ndiyo sababu mhudumu anakutazama kwa makini ukitaka kuondoka na bia yako mkononi.

Kwamba biashara hizi za ua mmoja ni tofauti kweli kulidhihirika wakati wa Uviko. Serikali ilifunga baa zote Machi 2020, na hazikufunguliwa kisheria hadi tarehe 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Kama kafunda ingekuwa biashara moja, ingekufa yote. Lakini chakula cha kubeba hakikupigwa marufuku, hivyo karai liliweza kuhamia kando ya njia na nyama ikauzwa ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, mteja akaenda kula nyumbani. Baa nyingi za Kampala nazo zikajiita migahawa ili zipumue: bia ikajificha nyuma ya chakula ambacho miaka yote ilikuwa ikikihesabu kuwa cha mpangaji. Naliona hilo kuwa ushahidi wa wazi kuliko wowote wa nani alikuwa akimbeba nani.

Kona ya nne ya ua, pale inapokuwepo, ni ya chungu cha malwa, pombe ya ulezi. Ulezi unachachushwa ukiwa unga uliolowanishwa, unakaangwa kwenye bati, unakaushwa, kisha unachanganywa na maji na kimea na kuachwa siku chache. Wanywaji wanazunguka chungu kimoja na mirija mirefu yenye chujio mwishoni, na mwenye chungu anapita kuongeza maji ya moto kila kinapopungua. Wanachanga pesa pamoja. Vikundi vingine vina mwenyekiti na mweka hazina na vinawekeana akiba. Meza ya malwa inakaa muda mrefu kuliko meza ya bia, na hula polepole zaidi. Namtaja mwenye chungu hapa pia kwa sababu ya birika lake: katika ua mzima, huenda ndiye pekee mwenye maji yaliyochemka wakati wote.

Na maji ndiyo yanayotufikisha penye ufa. Nyama ikishaiva inaletwa na kachumbari ya kabeji, nyanya na kitunguu, na vipande vya parachichi. Nyama iliyopikwa kwenye karai kwa njia niliyoieleza ni salama: imechemka kabla ya kukaangika, na minyoo ya tegu iliyomo nyamani hufa kabla joto halijafika nyuzi 70. Mishikaki ya nguruwe yenye vipande vinene ni habari nyingine, maana moto mkali huunguza nje na kuacha ndani pabichi, na mtu asione haya kuirudisha. Hatari kubwa zaidi imekaa kwenye ile kachumbari. Ikikatwa kwenye ubao uleule uliokatiwa nyama mbichi, kwa kisu kilekile, na mboga zikaoshwa kwa maji ya jana yaliyobaki kwenye beseni, moto wote wa karai haujasaidia kitu. Tena kuna aina ya ugonjwa wa tegu unaomdhuru mtu vibaya kabisa, ule unaoweza kuingia ubongoni na kuleta kifafa, na huo hauambukizwi kwa kula nyama. Huambukizwa kwa mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu na kufika kwenye mboga, maji au mikono. Katika mtaa ambao mvua ikinyesha mfereji wa Nakivubo unafurika na vyoo vya kushirikiana ni vichache, beseni la mboga linastahili kuogopwa kuliko nguruwe.

Kwa nini wapishi hodari namna hii wanaacha ufa huo? Nimewatazama wakipika na siamini kwamba ni uzembe. Mpishi anayejua sekunde ya kutia hoho hashindwi kujua kuosha ubao. Tatizo ni kwamba ubao una mwenyewe, karai lina mwenyewe, kaunta ina mwenyewe, lakini maji hayana. Yananunuliwa kwa jerikeni ya lita 20 na kubebwa mpaka uani, na kila mmoja anatumaini mwenzake ataleta. Mwenye nyama anaona maji ni ya mwenye kiwanja. Mwenye baa anasafisha glasi na anaona yanatosha. Mkaguzi wa jiji akija na kuulizia leseni, atakayejitokeza ni mwenye bia, ambaye hajawahi kushika kisu. Wa karai huenda hana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba yupo. Hata asili ya nyama inapotea hapo. Machinjio ya ushirika ya Wambizzi, Nalukolongo, yapo na yana ukaguzi, lakini nguruwe wengi huchinjwa nyuma ya nyumba, na anayepaswa kuulizwa ni yule asiye na leseni.

Dawa inayopendwa na wakuu wa miji ni kubomoa na kusafisha. Namuwongo inaijua: 2014 vibanda vya kando ya reli vilibomolewa, na watu wakarudi kupika palepale kwa sababu njaa na viwanda havikuhama. Ningependa kuona jambo dogo zaidi na gumu zaidi. Mwenye baa ndiye anayefaidi kila dakika ya kusubiri, hivyo maji yawe yake: kodi ya kona ya karai iwe na jerikeni ndani yake, kama ilivyo na paa. Mbao ziwe mbili, ya nyama na ya mboga, kila moja na kisu chake, na leseni ya ua itaje majina ya wote wanaopika humo, pamoja na mama wa matoke anayeondoka saa kumi na moja jioni kabla mkaguzi wala mlevi hajafika. Gharama hiyo, ikigawanywa kwa sahani za usiku mmoja wa Ijumaa, ni ndogo kuliko nyongeza ya muhogo ambayo kila mteja anaiomba na kila mpishi anaitoa.