Kwetu na Kwangu: Tukiisoma Riwaya ya Petit Pays Tukiwa Kabeza

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili aliandika insha yenye mada "Kwetu". Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba kwetu ni Bujumbura. Sentensi ya pili ikasema kwamba kwetu ni Kabeza. Mwalimu aliyesahihisha, ambaye ni mmoja wetu, alilizungushia neno hilo wino mwekundu na kuandika pembeni: "Chagua moja." Binti alipokuja kuchukua daftari lake hakubisha. Aliuliza tu, kwa adabu: "Mwalimu, nichague ipi?"

Hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililotufanya tuisome upya riwaya ya Gaël Faye iitwayo Petit Pays, yaani nchi ndogo. Safari hii tuliisomea Kabeza kwenyewe, katika wilaya ya Kicukiro, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe, ambako baadhi ya walimu na wanafunzi wa idara yetu wanaishi. Tulikutana jioni barazani kwa mwenzetu, tukawa tunanyamaza kila ndege ilipopita juu ya mapaa, kisha tunaendelea.

Kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawajaisoma, riwaya hii ilitolewa Ufaransa mwaka 2016 na katika mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari. Mwandishi wake alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake akiwa Mfaransa na mama yake Mnyarwanda. Mwaka 1995 aliihama Burundi kwenda Ufaransa, na miaka mingi baadaye akahamia Kigali. Kabla ya riwaya alikuwa amejulikana kama mwanamuziki. Albamu yake ya mwaka 2013 ina neno letu la Kiswahili katika jina lake: Pili Pili sur un Croissant au Beurre. Pilipili juu ya mkate wa siagi wa Kifaransa! Mtu aliyeona vema kuviweka viwili hivyo katika sahani moja alikuwa ameshaanza kulijibu swali la mwanafunzi wetu.

Mhusika mkuu ni Gabriel, au Gaby, mtoto wa miaka kumi hivi anayekua Bujumbura pamoja na dada yake Ana. Anacheza na wenzake katika kichochoro chao, wanaiba maembe ya jirani, anaazima vitabu kwa mama mmoja wa Kigiriki. Kisha wazazi wanaachana, Rais Ndadaye anauawa Oktoba 1993, na mwaka 1994 yanatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Mama yake anakwenda kuwatafuta ndugu zake na anarudi akiwa amevunjika kabisa. Gaby na Ana wanapelekwa Ufaransa. Hapana budi tukumbushe kwamba Gaby si Faye, ingawa wanafanana. Mhakiki anayesoma riwaya kama cheti cha kuzaliwa cha mwandishi huikosea riwaya hiyo haki yake.

Wasomaji wengi wameichukua kazi hii kama kilio cha pepo iliyopotea: palikuwa na utoto mtamu, vita vikauharibu. Maoni hayo si ya uongo, lakini kwa mtazamo wetu hayatoshi. Tutazame wahusika watatu wanaoishi katika nyumba moja. Baba, Michel, anaipenda Bujumbura kwa sababu pale yeye ni bwana mwenye watumishi na starehe ambazo kwao Ufaransa asingezipata. Mama, Yvonne, ni mkimbizi kutoka Rwanda na anatamani kuhamia Ufaransa, mahali anapoamini watoto wake watakuwa salama. Katikati yao yupo mtoto ambaye hajui kama mahali hapo ni ugenini kwa baba yake na ukimbizini kwa mama yake. Kwake yeye ni nyumbani tu. Kwa hiyo hiyo "pepo" haikuanza kuvunjika siku ya vita. Tangu ukurasa wa mwanzo nyumba ile moja ni mahali patatu.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapoweza kumsaidia mhakiki. Mswahili akisema "kwangu", anasema juu ya nyumba aliyoipanga au aliyoijenga, mlango anaoufungua kwa ufunguo wake: karibu kwangu. Akisema "kwetu", hata kama yuko peke yake, anatumia wingi. Kwetu hapajengwi na mtu mmoja. Hupewa mtu na wazee, na majirani, na lugha aliyoikuta. Kinyarwanda nacho kina iwanjye na iwacu. Kifaransa alichoandikia Faye humruhusu mtu kusema chez moi kwa maana zote mbili, na pengine ndiyo sababu wahakiki wa huko wameziona hasara mbili kama hasara moja.

Tukiipima riwaya kwa maneno haya mawili, inafunguka. Michel ana kwangu Bujumbura wala hataki kwetu pale. Yvonne ana kwetu, nayo ni Rwanda, lakini hajapata kwangu popote, na mwaka 1994 hao walioifanya Rwanda iwe kwetu wanauawa. Gaby alikuwa na kwetu yake kichochoroni, na huko Ufaransa anapata kwangu. Mwishoni anarudi Bujumbura akiwa mtu mzima, anamkuta mama yake katika kilabu cha pombe, naye mama anamwita kwa jina la ndugu aliyeuawa. Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Gaby amefika kwao, na mtu wa pekee aliyebaki wa kumtunza anamwona mwingine. Kwa maoni yetu hapo ndipo usanii wa Faye unapofikia kilele, kwa sababu hasemi neno hata moja la kutufundisha.

Hata hivyo, kazi hii ina upungufu ambao hatuwezi kuufumbia macho. Miaka takriban ishirini ya Gaby nchini Ufaransa imewekwa katika kurasa chache za mwanzo na mwisho. Tunaambiwa kwamba ana kazi na ana upweke. Hatuambiwi alijifunzaje kuishi huko: nani alimwonyesha njia ya kwenda shule, nani alimcheka, siku gani aligundua kwamba anaota kuhusu mtaa mpya badala ya ule wa zamani. Kuyajenga maisha mapya ugenini kumeachwa nje ya kitabu, kana kwamba hakuna cha kusimuliwa baada ya kuondoka. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyehamia Uingereza miaka ya 1960 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifanya tofauti katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001. Humo mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Kutoka hapo tunafuatana naye mpaka chumbani mwake, kwenye ukimya wake na kwa mgeni anayekuja kumzuru. Kule kufika ndiko hadithi yenyewe.

Inaelekea Faye naye aliliona pengo hilo. Riwaya yake ya pili, Jacaranda, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2024, inaigeuza safari. Milan anakulia Ufaransa na mama Mnyarwanda ambaye hasemi lolote juu ya alikotoka, kisha kijana anakuja Rwanda kujitafutia mwenyewe. Hapo sasa ugenini ni Kigali.

Na hapo ndipo tuliporudi Kabeza. Wazee wa mtaa huu ambao wazazi wao walikimbia mwaka 1959, na wengine miaka ya 1963 na 1973, husema "tulirudi". Walirudi kutoka Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania baada ya mauaji ya kimbari. Lakini watoto wao waliozaliwa huko, tukiwasikiliza vizuri, husema "tulikuja". Familia moja, gari moja, siku moja: mmoja alirudi na mwingine alikuja. Baadhi yao walikuja na Kiswahili cha Bukavu, wengine cha Bujumbura, wengine cha Kigoma. Leo Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na sisi tunakifundisha darasani kana kwamba hakikuwahi kuingia kwa miguu. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipowafanya watu wengi wakimbilie Rwanda, wapo waliopelekwa kambi ya Mahama na wapo waliopanga vyumba mjini Kigali. Mwanafunzi wetu alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Bibi yake alikimbia Rwanda, mama yake alizaliwa Burundi, naye mwenyewe aliletwa Kabeza akiwa na miaka kumi na mmoja.

Basi wino ule mwekundu ulikuwa wa makosa. Binti hakukosea sarufi wala mantiki. Alikuwa na kwetu mbili, moja aliyopewa na wenzake wa utotoni na nyingine aliyopewa na bibi yake, na sisi tukamtaka amkane mmoja ili insha ikae sawa. Tumemrudishia alama zake. Tulimwomba pia aongeze ukurasa mmoja juu ya jambo ambalo Petit Pays haikutusimulia, yaani mwaka wake wa kwanza Kabeza. Ameuandika. Unaanza na mama mwenye nyumba aliyemfundisha kuwasha jiko la mkaa la hapa. Kabla ukurasa haujaisha, mahali pa "kwa mama mwenye nyumba" ameandika, bila kuelekezwa na mtu, "kwetu".