Mkono Uliotangulia Shingo

Anayepita barabara za Tanga asubuhi ameshaliona tukio hili mara nyingi: mzee juu ya baiskeli yake ya Phoenix, gunia limefungwa kwenye keria, anataka kukata kulia. Ananyoosha mkono, na papo hapo gurudumu la mbele linaufuata. Shingo haikugeuka hata kidogo. Kosa liko hapo, wala si kosa la mkono. Mkono ulinyooka usawa wa bega na ukaonekana vizuri. Lakini mzee aliutoa kama amri, ilhali ishara ni ombi, na anayeombwa yuko nyuma, hajatazamwa. Sisi tunaendesha kushoto, hivyo kukata kulia ni kuikatiza njia ya kila anayekuja nyuma yako. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linameza karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kuuona mkono na kukanyaga breki, mita 21 zimekwisha kabla mwendo haujaanza kupungua. Mkono ulionyooshwa gari likiwa mita 15 nyuma haukumwarifu mtu yeyote. Na bodaboda anayepenya upande wa kulia, ambaye sitachoka kumsema, hauoni mkono huo mpaka amefika ubavuni.

Wazee hawa ishara yao ya kusimama, kiganja kikitazama chini na kupanda na kushuka, haina dosari. Kwenye kukata kulia ndipo wameiacha kazi ya waliowatangulia. Matarishi na walimu wa enzi za baiskeli za Raleigh na Swala walikuwa na mpangilio: kutazama nyuma, kutoa mkono, kutazama tena, kuurudisha mkono usukanini, ndipo kona. Hata breki zilikubaliana na mpangilio huo: ya mbele iko mkono wa kulia, ya nyuma mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ukiwa hewani, wa kushoto bado umeshika breki isiyompindua mtu. Leo baiskeli ngapi zina breki ya nyuma inayoshika? Tumeziacha zikatike, tukabaki kusimamisha baiskeli kwa soli ya kandambili, na mzee anayenyoosha mkono amebaki ameshika chuma kitupu.

Watasema shingo ya mtu wa miaka 70 haigeuki, na ikigeuka inavuta bega, bega linavuta usukani, baiskeli inayumba kuelekea kwenye magari. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kutazama mapema, mzee akiwa bado pembeni kabisa mwa lami, ambako kuyumba kidogo hakumgharimu. Watasema pia kwamba sheria inamtaka anayepita mwenzake ahakikishe njia ni salama. Inamtaka, na dereva asiyefanya hivyo ana hatia. Ila hatia hiyo hupimwa na trafiki akiwa na futi yake ya kupimia, mzee ameshalala chini. Shingo ikigoma, saitimira ndogo upande wa kulia wa usukani itaifanyia kazi. Na ikikosekana hata hiyo, basi ashuke upande wa kushoto, asubiri barabara iwe nyeupe, akokote baiskeli yake mpaka ng'ambo.