Heda za keneli si Panadol

Ukijenga draiva ya kifaa kwenye Linux ikagoma, ushauri utakaopewa karibu kila mara ni uleule: sakinisha heda za keneli. Kwenye Ubuntu, andika `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, basi. Ushauri wenyewe si uongo. Kasoro yake ni kutolewa kama Panadol: ukiumwa kichwa, tumbo au goti, meza mbili. Anayelipia ni mwanafunzi ambaye kifaa chake cha maabara hakisomeki na bando linaelekea kuisha.

Heda ni faili zinazomweleza kompaila funkshoni zipi zipo ndani ya keneli na zinaitwaje. Makosa yanayoonekana kuzihusu yako ya aina tatu, na dawa zake hazifanani.

Kosa la kwanza linasema `/lib/modules/.../build: No such file or directory`. Hiyo `build` kwa kawaida ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye folda ya heda. Huenda heda hazipo kweli, na hapo ile amri inatibu. Lakini huenda umesasisha keneli halafu hujawasha kompyuta upya: `uname -r` inataja keneli ya zamani inayoendelea kufanya kazi, huku heda ulizonazo ni za mpya. Zima, washa, jaribu tena.

La pili, heda zipo ila msimbo wa draiva umezeeka. Linux 5.0, iliyotoka Machi 2019, iliipunguzia `access_ok` hoja kutoka tatu hadi mbili. Draiva ya zamani ikipeleka tatu, kompaila anagoma. Hapo sakinisha heda hata mara kumi, kosa litabaki palepale, maana heda ziko sawa. Tafuta toleo jipya la draiva.

La tatu, kompaila ndiye aliyebadilika. Tangu GCC 10 ya mwaka 2020, kigeu kimoja cha jumla kikitangazwa kwenye faili mbili bila `extern`, unaambiwa `multiple definition`. Heda za keneli hazihusiki hata kidogo.

Utatofautishaje? Soma kosa la kwanza, siyo la mwisho. Mstari wa mwisho wa `make`, ule wa `Error 2`, unakwambia tu kwamba kazi imeshindikana. Ajabu ni kwamba huo ndio watu wengi wanaupiga picha na kuomba msaada.

Lawama haiwaangukii wanaoanza peke yao. Linus Torvalds anasisitiza kwamba keneli isivunje programu za watumiaji, lakini kwa draiva zilizo nje ya keneli hakuna ahadi hiyo. Greg Kroah-Hartman ametetea msimamo huu: ingiza draiva yako ndani ya keneli, na anayebadilisha funkshoni atairekebisha pia. Kiuhandisi nakubaliana naye. Ila mwenye kifaa cha bei nafuu, ambacho mtengenezaji alitupa msimbo mara moja akaondoka, hoja hiyo haimsaidii.

Kwa hiyo wanaoandika maelekezo ya draiva waongeze mstari mmoja: imejaribiwa kwenye keneli toleo gani hadi gani. Na wewe, kabla hujanunua kifaa, utafute mstari huo. Usipouona, jua kwamba kazi ya kujaribu utaifanya wewe.