Mathia, Mtume Aliyepigiwa Kura

Katika Agano Jipya lote jina la Mathia limetajwa mara mbili tu, na zote zimo katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Yuda amekwisha kufa. Watu wapatao 120 wamekusanyika, na Petro anataka apatikane mmoja wa kutimiza idadi ya kumi na wawili. Sharti ni kwamba awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hata siku ya kupaa Bwana. Wanasimamishwa wawili, Yusufu Barsaba na Mathia. Kura inamwangukia Mathia. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho hakikuwapendeza watu wa baadaye. Wakatunga Matendo ya Andrea na Mathia, kitabu kisichomo katika Biblia. Humo Mathia anapelekwa kwenye mji wa walaji watu, anapofushwa na kufungwa ili aliwe baada ya siku thelathini. Andrea anavuka bahari kumwokoa, na nahodha wa chombo chake ni Yesu asiyetambulika. Sehemu hiyo ya nahodha ni tamu, sikatai. Lakini shujaa wa kisa ni Andrea. Mathia ni mfungwa tu. Tena katika baadhi ya nakala mfungwa huyo ni Mathayo. Kisa kinachoweza kubadili mtu bila kupungukiwa na chochote hakimhusu mtu yeyote.

Mapokeo mengine humpeleka Mathia Ethiopia, na wapo kwetu wanaolifurahia jambo hilo. Hapana budi kuangalia. "Ethiopia" hiyo imeelezwa kuwa pwani ya Bahari Nyeusi, upande wa Georgia ya leo. Ukristo wa Aksum unaonekana wazi katika karne ya 4, wakati wa Frumentius na mfalme Ezana. Nayo Trier, Ujerumani, inasema mifupa yake iko huko.

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Katika historia msemo huo hautoshi. Mimi niliyetumia maisha kuandaa walimu najua kwamba neno moja la mwalimu huishi kichwani mwa mtoto hadi uzeeni. Akichanganya jina la Ethiopia na kisa cha walaji watu, amewapa watoto wetu aibu isiyo yao.

Mathia Mulumba wa Uganda, aliyebatizwa mwaka 1882 na kuuawa mwaka 1886, alichukua jina la mtume huyu. Habari zake hazikuhitaji nakshi, maana wapo waliomjua.

Kwa maoni yangu, hapa Sofu ninaposoma kwa utulivu wa kustaafu, mistari sita, wa 21 hadi wa 26, inatosha. Inatuonyesha mtu aliyefuata tangu mwanzo bila cheo, akawa tayari alipohitajiwa. Na Barsaba, aliyekosa kura, alikuwa amefuata vilevile.