Sikio la Muuza Kanga

Ukishuka mwendokasi kituo cha Msimbazi, sauti ya kwanza kukupokea Kariakoo siku hizi si ya mtu. Ni ya spika ndogo iliyofungwa kwenye meza ya soksi, imerekodiwa jana au mwezi uliopita: buku, buku, buku. Mwenye meza kavuka barabara kufuata chai. Spika haichoki wala haikohoi, na haimwoni mama aliyesimama mbele yake akigeuzageuza soksi ya mtoto kutafuta saizi. Mama anaangaza huku na huku, hapati wa kumuuliza, anaondoka.

Ninayetaka kumsifu yuko mbele kidogo, Mtaa wa Uhuru, ndani ya duka la kanga lisilozidi hatua nne kwa upana. Kanga ni ngumu kuuza kuliko watu wanavyodhani. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mnunuzi hanunui rangi peke yake. Ananunua kauli atakayoipeleka kwa mtu. Maua mazuri yenye jina baya yanaweza kuvunja ujirani. Kwa hiyo kabla muuzaji hajashusha doti rafuni, inabidi ajue nani anamwambia nani, na kati yao kuna nini.

Jumamosi moja nikiwa pale aliingia mama wa makamo, mkoba kwapani.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba baba. Nataka kanga ya mkwe wangu."

Kijana wa dukani alishaanza kushusha toleo jipya. Mwenye duka akamzuia kwa kidole.

"Anaolewa, au kajifungua?"

"Kajifungua. Wa kiume."

"Hongereni. Mjukuu wa ngapi huyo?"

"Wa kwanza."

Mwenye duka akanyamaza. Hakujaza kile kimya kwa bei wala kwa sifa za kitambaa. Mama akatazama sakafu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ila tulikuwa hatusemezani."

Hakuuliza kwa nini. Alimvutia kiti, akashusha doti tatu na kuzitandaza juu ya kaunta, majina yakimwelekea mama. Ya nne, nyekundu, nzuri kuliko zote, aliigusa akairudisha mahali pake. Jina lake lilihusu subira, na subira ikitoka kwa mama mkwe husomeka kama kijembe.

Niliona pale nilichokikosa ofisini. Miezi michache kabla ya hapo nilipewa dakika 20 kueleza mradi mbele ya bodi. Nilikuwa na slaidi 35, nikazisoma zote. Nilipomaliza, mzee mmoja alivua miwani, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, unatuomba nini?" Ombi lilikuwa kwenye slaidi ya 31. Mradi haukupita, na mpaka leo nikiwakumbuka waliokuwa wakiungoja moyo unaniuma. Matamshi yangu yalikuwa safi, takwimu zilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandaa kila kitu isipokuwa wale watu. Sikujua nani kati yao anahofia gharama, nani aliwahi kuunguzwa na mradi kama ule, nani angekubali kama angeulizwa mapema. Nilikuwa spika juu ya meza ya soksi.

Semina za kuzungumza mbele ya watu hufundisha kusimama wima, kutazama macho, kutoa sauti tumboni. Nimehudhuria, na zimenisaidia. Lakini zinaanzia mdomoni, na mji huu unajua kuanzia sikioni. Hata jina Kariakoo lilizaliwa hivyo: Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, walipigishwa kambi hapa, na wenyeji wakalitamka jina walivyolisikia.

Tena Mnazi Mmoja haiko mbali, na ubavuni mwake inapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi alipoingia TANU, chama kilichopigania uhuru, miaka ya 1950, hakuwa na shahada. Alitoka kwenye ngoma, mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Na mwimbaji wa ngoma hufanya kazi na masikio muda wote: waitikiaji wakilegea anasikia, anapandisha, anabadilisha, anarudia pale palipopendwa. Alipotakiwa kuwaleta wanawake kwenye chama, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, kwa sababu alijua wanawake wenzake wanamsikiliza nani. Watu husifu sauti yake, na inastahili. Mimi nadhani sauti ile ilipata nguvu kwa kuwa ilikuwa imesikiliza kwanza.

Siku hizi kabla ya kikao kizito nawapigia simu wawili watatu, nawauliza jambo moja, halafu najitahidi kunyamaza. Kunyamaza ndiko kunakonishinda. Simu ikitulia sekunde tano nahisi ni wajibu wangu kuiokoa, nasema neno, na lile alilotaka kusema mwenzangu linarudi alikotoka. Muuza kanga amekaa na kimya miaka mingi mpaka kimekuwa chombo chake cha kazi, kama mkasi na futi.

Mama yule alisoma majina matatu kwa midomo, bila sauti. Alirudia la kijani mara mbili, akaweka kiganja juu yake. Muuzaji akaikunja kanga ile taratibu, akahakikisha jina limebaki juu, akaitia kwenye mfuko.

"Ukifika, mama, mpe mwenyewe mkononi. Usimtume mtoto."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. Ndipo akauliza bei.