Swichi ya Feni

Gari likichemsha, wa kwanza kulaumiwa ni rejeta. Mara nyingi rejeta ni nzima, ila feni haikuwaka. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unatosha kupoza maji. Kwenye foleni ya Ubungo, au ukipanda mlima wa Kitonga nyuma ya lori lililoshiba mzigo, feni ndiyo tegemeo. Hapo ndipo dereva anapotaka swichi yake mwenyewe, aiwashe feni kabla mshale wa joto haujapanda.

Njia ya mkato kila mtu anaijua: waya kutoka betri hadi feni, swichi katikati, basi. Lakini feni inaweza kula ampea 10 hadi 20, na inapoanza kuzunguka hula zaidi. Swichi ndogo ya dashibodi haikuundwa kubeba mzigo huo. Inapata moto, plastiki inalainika, na kama hakuna fyuzi, hatari inahamia kwenye waya wote.

Fundi ninayemheshimu hashiki koleo kabla hajajua gari lenyewe limeungwaje. Chukua Toyota Corolla za miaka ya 1990. Kwenye nyingi, sensa ya feni hupitisha umeme maji yakiwa ya baridi na kuukata yakifika nyuzi 93 hivi. Umeme huo unaendesha rilei, yaani swichi ya umeme, na rilei ikiwa nao inaizuia feni. Umeme ukikatika rilei inaachia na feni inazunguka. Maana yake, waya wa sensa ukikatika njiani, feni inawaka yenyewe badala ya kuiacha injini iungue. Aliyebuni mpango huu ni kama alikuwa anamfikiria dereva aliye mbali na gereji, na kila nikiutazama napata raha. Kwa gari kama hilo, swichi inakaa kwenye waya wa sensa na kazi yake ni kukata. Rilei ya pili haihitajiki.

Yapo magari yenye mpango wa kinyume: maji yakipata moto, sensa inaipa rilei ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, nayo rilei inaiwasha feni. Huko swichi inaungwa sambamba na sensa, ili mojawapo ikitoa amri, rilei itii. Sasa fikiria mtu aipeleke njia hii kwenye ile Corolla: dereva atabonyeza akidhani anawasha, kumbe anaizuia feni maji yakiwa yanachemka. Kwa hiyo fundi anatoa soketi ya sensa, anafungua swichi ya gari, anasikiliza. Feni ikizunguka, ameshajua yuko upande gani.

Uzuri wa njia zote mbili ni kwamba sensa inabaki kazini. Dereva akisahau, gari halisahau. Na waya unaoingia ndani unabeba umeme wa kuamsha rilei tu, chini ya ampea moja; mzigo mzito unabaki mbele, kwenye waya mnene wenye fyuzi.

Halafu kuna kazi ya mikono. Fundi anatumia waya wa nyuzi nyingi, maana ule mgumu wa nyumba hukatika kwa mtikisiko wa injini. Unapopenya bati kuingia kwa dereva, tundu analivisha mpira, bati lisije likaula waya. Sehemu ya ethi anaikwangua rangi mpaka chuma king'ae. Taa ndogo ya kando ya swichi haiungi kwenye swichi. Anachukua umeme wake kwenye waya unaoingia feni, ili ikiwaka dereva ajue umeme umefika kweli kwenye feni. Tofauti ni mita chache za waya, na wengi hawajisumbui nazo.

Akimaliza anaacha injini ipate moto bila kugusa swichi, asikie sensa ikiiwasha feni yenyewe. Kisha anaandika kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi, rangi ya waya aliouongeza na mahali ulipoungwa, kwa ajili ya fundi atakayelifungua gari hilo baada yake.