Bwana Msa Mpakani: Raha ya Fumbo na Uteuzi wa Vitabu vya Vijana Kasese na Bwera

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe, Julai 2022, Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, vitabu vimekuwa vikipimwa kwa sarufi, raha imesahauliwa. Mzimu wa Watu wa Kale (1960), riwaya ya Muhammed Said Abdulla, yafaa kuwafikia vijana wa Kasese na Bwera kwa ajili ya raha hiyo hasa. Maiti ya Bwana Ali inaonekana mzimuni. Hofu ya mizimu imetanda, ilhali Bwana Msa anatafuta mkono wa mtu. Msomaji aliyekulia chini ya Rwenzori, anakotajwa Kitasamba, hahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Tena fumbo humlazimisha kupima kila neno, jambo ambalo zoezi la ngeli haliliwezi. Ugumu upo: Kiswahili cha Unguja ki mbali na kile cha sokoni Mpondwe, kinachochanganyika na cha Kongo. Lakini kijana anayemsaka muuaji huuvumilia msamiati mgeni. Kinachonikera ni kwamba Msa (na kiko chake!) hujua mengi kabla yetu, kisha hutufumbulia kwa maelezo marefu. Mwalimu na afunge kitabu kabla ya sura za mwisho, awaulize wanafunzi wanamshuku nani, na kwa ushahidi upi.